Mishono Mitatu ya Wafula

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, wacha nikujibu. Sijawahi kuonja pombe, hata busaa ya arusi. Wala mimi si mtu wa kuonaona vitu. Mimi ni mshonaji wa maturubai hapa Kitale, miaka mingi nimekalia stuli moja kando ya barabara ya malori, na kazi yangu inataka macho makali na mkono usiotetemeka. Kwa hivyo nikikuambia kwamba nilimwona ndugu yangu Wafula saa nane mchana, jua la Januari likiwaka, amelowa chapachapa mbele ya kibanda changu, na ilhali alikuwa amekufa karibu mwaka mzima, basi nilimwona. Usipoamini shauri yako. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana hayo ya mwisho ndiyo yanayonikosesha raha.

Wafula alikuwa kitinda mimba wetu. Kwetu ni Chwele, upande wa Bungoma. Baba alifariki Wafula akiwa darasa la tatu, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa huku Kitale, nimeshafundishwa kazi ya turubai na Mhindi mmoja mzee aliyekuwa na duka karibu na stendi. Mama akaniambia, mchukue huyu mtoto, mimi peke yangu sitamweza. Nikamchukua. Nilimlisha, nikamvalisha, nikamchapa alipostahili kuchapwa, na alipomaliza shule nikampa sindano.

Nikueleze kidogo kuhusu hii kazi, la sivyo hutaelewa kosa langu. Turubai halishonwi kama gauni. Unaenda mbele mishono miwili, unarudi mmoja. Uzi unaupaka nta, na kwa kiganja unavaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Halafu ukifika mwisho, hapo ndipo mshonaji anajulikana. Unarudi nyuma mishono mitatu juu ya njia uliyotoka, unafunga fundo, unauficha mkia wa uzi ndani ya pindo. Hiyo mitatu ndiyo inazuia kila kitu. Usipoiweka, mshono unaanza kuachia pole pole kutoka mwisho, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku moja unakuta lori limefika Eldoret na mahindi yote yamelowa.

Wafula alishona vizuri kuliko mimi. Nasema ukweli, sisemi kwa sababu ni marehemu. Lakini alikuwa na haraka. Akifika mwisho wa pindo anakata uzi, anaruka, anaenda kwa turubai lingine. Nikimkemea anacheka.

"Aa, dada, sasa nani atakuja kufungua hapo?"

"Upepo," namwambia. "Upepo hauna kazi ingine."

Basi nyuma yake mimi nilikuwa napitia kila turubai, naweka ile mitatu, nafunga fundo. Yeye hakujua hata ni mara ngapi. Ama alijua akanyamaza, si unajua vitinda mimba walivyo.

Mwaka alioondoka Wafula, simu za mkononi ndiyo zilikuwa zimeanza kufika kwa sisi watu wa kawaida, na yangu ikalia siku moja, namba nisiyoijua. Mtu anaongea Kiswahili cha pwani, kitamu, cha kubembeleza. Akasema anaitwa Bwana Famau, yuko Mombasa, anatafuta mtu aliyeshona turubai la lori fulani la mahindi kutoka Kitale. Mimi nikajua tayari kuna kesi. Nikamwambia, ikiwa limepasuka, ulizeni dereva alilifunga vipi. Akacheka. Akasema halijapasuka, ndiyo maana anapiga.

Kumbe bandarini kulikuwa na merikebu ya kizamani. Si meli ya injini hii ya kubeba makontena. Merikebu ya mbao, milingoti mitatu, matanga zaidi ya kumi na tano, iliundwa vile mababu za wazungu walikuwa wanaunda. Ilikuwa inaingia mashindano na merikebu zingine za aina hiyo, kutoka Mombasa mpaka visiwa vya Shelisheli na kurudi. Nahodha alikuwa amepata dhoruba njiani, matanga yakararuka, na mshonaji wake akavunjika mkono. Bwana Famau alikuwa anamtafutia mwingine, akapita bandarini, akaona turubai la lori lina kiraka. Akakivuta kile kiraka kwa mikono miwili na kwa meno, hakikutoka. Akamwuliza dereva, dereva akampa namba yangu.

"Nani alishona?" akaniuliza. "Tunamtaka mtu huyo aingie kwa mabaharia."

Sikia sasa. Kile kiraka nilikishona mimi. Kwa mikono yangu hii unayoiona. Lakini nilikuwa na mtoto wa kunyonya mgongoni, na mume, na oda ya hema tatu za arusi kule Kachibora. Na Wafula alikuwa amekaa hapo mkabala nami, ana miaka ishirini na tatu, anachezea kipande cha ngozi, hana kitu anangojea duniani. Nikamwangalia. Moyo wangu ukasema, huyu mtoto naye aone dunia.

"Ni ndugu yangu aliyeshona," nikasema. "Anaitwa Wafula."

Ndiyo hivyo. Uwongo wa sekunde moja, na ulitoka kwa mapenzi. Siku aliposafiri nilimpa sindano zangu nne nzuri na ile ngozi ya kiganja ya yule Mhindi. Nikamshika sikio kama mtoto, hapo stendi, watu wanatazama.

"Mwisho wa pindo unarudi mingapi?"

"Mitatu, dada. Aki niachilie, watu wanaona."

Alipoenda, alikuwa ananipigia kutoka kibanda cha simu cha Mombasa kila Jumapili kabla mashindano yaanze. Mimi nilikuwa naketi chini nikimsikiliza, mandazi yanaungua jikoni. Alisema siku ya kwanza walimpandisha mlingoti, futi zaidi ya mia, kamba tupu, akafika katikati akakumbatia mti akalia kama ndama. Mabaharia wakamwacha alie mpaka akamaliza, halafu wakamwambia haya, sasa panda. Baada ya wiki mbili alikuwa anatembea juu ya ile boriti ya kushikia tanga, wanaiita foromali, miguu kwa kamba, tumbo juu ya mti, anakunja tanga pamoja na Mreno na kijana wa Lamu. Alisema ukiwa juu huko merikebu inakuwa ndogo kama sahani, na bahari haina mwisho, na hakuna kelele yoyote isipokuwa kitambaa. "Dada," akasema, "ni maturubai tu. Ni maturubai ya Mungu." Sikuwahi kumsikia na furaha hiyo tangu baba afe.

Jumapili ya mwisho aliniambia neno moja akicheka. Alisema amegundua kazi ingine ya mshonaji wa merikebu. Ati baharia akifia baharini, mshonaji ndiye anamshonea ndani ya kipande cha tanga, kutoka miguuni mpaka kichwani, ndipo anateremshwa majini. Bila hicho kitambaa, mabaharia wanaamini mtu hapumziki, anabaki na baridi.

"Sasa mimi mshonaji nikifa," akasema, "mimi atanishonea nani?"

"Nitakushonea mimi," nikamwambia. "Sitakuacha na baridi. Sasa nyamaza na hayo maneno yako mabaya, kadi yako inaisha."

"Umesema?"

"Nimesema."

Kadi ikaisha. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mimi na yeye, yeye akiwa hai.

Mashindano yakaanza. Siku ya tisa baada ya kutoka Mombasa, merikebu yao ikiwa ya pili na inaikaribia ya kwanza, upepo ulibadilika ghafla alasiri. Haya niliambiwa na Bwana Famau, aliyekuja mwenyewe mpaka Chwele, mtu mzima, akavua kofia akalia mbele ya mama. Alisema mshono wa tanga kubwa la mbele uliachia. Ulianza mwishoni, kwa pindo, ukafunguka wote kwa mara moja. Nahodha akaamuru watu watatu wapande kulikunja kabla halijavunja mlingoti. Wakapanda watatu, wakashuka wawili. Waliizungusha merikebu, wakatafuta mpaka giza likaingia na siku iliyofuata yote, mashindano wakayaacha. Hawakupata hata kofia.

Mama aliuliza, "Nani alishona hapo palipoachia?"

Bwana Famau akatazama chini. Mimi sikuhitaji jibu. Nilijua tanga lile lilishonwa vizuri sana isipokuwa mwisho. Nilijua pia ni nani alisema uwongo kwa simu, ni nani alikuwa akimfungia mafundo miaka yote hiyo na hakumwambia.

Sasa, kwetu sisi Wabukusu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hatumwachi hivyo. Tunakata mgomba, shina la ndizi la urefu wa mtu, tunalivalisha nguo zake, tunalilaza kwa kaburi nyumbani, tunamlilia. Mchungaji alinung'unika kidogo, lakini hata yeye ni wa hapo Kibabii, anajua. Ndugu mdogo wa baba, Mzee Wanyama, alikuja kwangu Kitale mwezi wa pili baada ya habari.

"Mwanangu," akasema, "tumzike huyu kijana. Na wewe ndiye mshonaji, tunataka umtengenezee kitambaa cha kumfunga."

Nikakataa. Nilimfokea mzee wa watu, Mungu anisamehe. Nikamwambia Wafula anaogelea, Wafula aliokotwa na wavuvi, Wafula yuko kisiwani anakula nazi, nyinyi mnataka kuzika mtoto mzima mwenye pumzi. Nani alimwona amekufa? Nani? Akaondoka bila hata kunywa chai. Na wazee hawakuweza kuendelea, kwa sababu mama alisema hatazika mpaka mimi nikubali. Karibu mwaka ukapita hivyo. Wafula hana kaburi, hajaliliwa, hajafungwa kitambaa. Nami nikadhani namtunza.

Ndiyo Januari ikafika.

Unaijua Januari ya Kitale? Mahindi yameshavunwa, vumbi mpaka kwa meno, hakuna wingu. Nilikuwa nimeinamia turubai la lori, natoa mshono mbovu wa mtu mwingine na namtukana kimoyomoyo. Nikasikia maji. Tone, tone, tone, kwa saruji. Nikasema huyu Mama Chebet wa chai amemwaga tena maji yake kwangu. Nikainua kichwa.

Alikuwa amesimama hapo mlangoni. Wafula. Amevaa suruali fupi ya turubai na shati la bluu, na maji yanamtiririka kutoka kwa nywele, kwa kidevu, kwa vidole, yanaanguka na hayaishi. Alikuwa mwembamba. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Hakuwa wa kutisha, niamini. Alikuwa anatetemeka tu, vile mtoto anavyotetemeka ukimtoa mtoni.

Unadhani nilipiga mayowe? Wapi. Mimi nilimgombeza! Furaha ilinipanda mpaka kichwani ikatoka kwa hasira.

"Wafula! Wewe mjinga! Unajua mama amekuwa nusu ya mtu? Ulikuwa wapi mwaka mzima? Ingia, vua hizo nguo, utakufa na nimonia!"

Hakuingia. Akaangalia turubai lililokuwa magotini mwangu, halafu akaniangalia mimi.

"Dada, nimekuja unipime."

"Nikupime nini?"

"Kitambaa changu. Ulisema utanishonea." Sauti ilikuwa yake kabisa, ila ilitoka polepole. "Huko chini kuna baridi, dada. Kuna baridi sana."

Hapo ndipo nilielewa. Sindano ikaanguka. Na sasa nikuambie jambo ninaloona haya kusema. Sikuogopa yeye. Niliogopa ile kazi. Nikimpima, nimekubali. Nikikata kitambaa, nimemwua mara ya pili kwa mkono wangu.

"Sishoni," nikasema. "Wewe ni mzima. Mimi sishonei watu wazima. Nenda nyumbani kwa mama ukaote moto."

Hakubishana, na Wafula alikuwa mtu wa kubishana juu ya kila kitu. Akageuka, akatembea, akashika barabara ya kuelekea Bungoma, upande wa kulia, juani. Mama Chebet akaja na birika lake, akasimama.

"Mbona umemwaga maji hivi, na mji hauna maji tangu Jumatatu?"

Maji yalikauka kwa dakika chache. Mahali yalipokuwa, saruji ilibaki na weupe. Nilipitisha kidole nikakionja. Ilikuwa ni chumvi.

Siku tatu baadaye Mzee Wanyama akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mama, akasema, hali chakula tena, haingii nyumbani. Anakaa nyuma ya jiko kutwa nzima na blanketi mkononi. Anasema Wafula amekuja nyumbani, amesimama kando ya shamba la migomba, amelowa, na kila akimkaribia kumfunika anarudi nyuma. Ati anamwambia, "Mama, dada amenituma nije niote moto, lakini moto haunishiki."

Mimi ndiye nilimtuma. Umesikia? Mimi ndiye nilimwambia nenda kwa mama.

Nilienda Chwele siku hiyo hiyo na bando la turubai jipya begani, lile zito la kijani nililokuwa nimewekea mteja. Ilikuwa siku ya soko, nikapita katikati ya ng'ombe na magunia ya vitunguu, na wanawake walionijua wakinisalimu, "Sasa, mama?", na mimi napita tu. Nilimkuta mama vile vile nilivyoambiwa. Alikuwa amekonda mpaka bangili imempanda kwenye kiwiko. Akanishika mkono.

"Mwanangu anasikia baridi," akasema. "Mbona hatumsaidii?"

Nikamwambia Mzee Wanyama, kata mgomba.

Asubuhi iliyofuata watu wa ukoo walikuja. Mzee Wanyama alichagua shina zuri, lililonyooka, akalikata. Mama alilivalisha mwenyewe shati la Wafula la kanisa na suruali, akaweka viatu vyake vya shule huko chini. Nikalipima. Sikuhitaji tepu, mikono yangu ilijua urefu wake tangu alipokuwa ananifika kiunoni. Nikatandika turubai uwanjani, nikalilaza shina, nikapiga magoti, nikaanza kutoka miguuni. Mbele miwili, nyuma mmoja. Watu walikuwa wanaimba nyimbo za tenzi. Nilipofika kifuani machozi yalianza, yale ya mwaka mzima, yakaanguka juu ya uzi na mimi naendelea. Nilimwomba msamaha kwa kila mshono. Nilimwambia, kiraka kilikuwa changu, nilikudanganyia kazi, nilikufungia mafundo yako kwa siri, nisamehe. Nilishona shingo. Nilishona uso. Nikafika mwisho wa pindo, juu kabisa ya kichwa.

Palibaki ile mitatu ya kurudi na fundo.

Nikashindwa.

Nikuambie nini? Nilifikiria ile "huenda". Huenda wavuvi. Huenda kisiwa. Huenda siku moja atataka kutoka, na atakuta dada yake mwenyewe amemfungia nje ya dunia. Na mtoto huyu nilimlea mimi. Nikakata uzi hapo hapo, vile yeye alivyokuwa akikata. Nikalaza pindo kwa kiganja likatulia, likaonekana limefungwa. Ukoo wote ulikuwa unatazama na hakuna aliyejua, maana hakuna mshonaji mwingine kati yao.

"Tayari?" akauliza Mzee Wanyama.

"Tayari," nikasema.

Huo ukawa uwongo wangu wa pili. Tukamzika, tukalia, mama akanyolewa nywele kama inavyotakiwa, na jioni hiyo akala ugali kwa mboga, akalala ndani ya nyumba. Wafula hakuonekana tena kwenye migomba. Mama aliishi miaka mingine miwili, ametulia, akaenda kwa amani. Nashukuru kwa hilo. Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu wa kulala usingizi.

Januari iliyofuata mazishi, saa nane mchana, nilisikia maji kwa saruji.

Alikuwa amesimama mahali pale pale. Safari hii alikuwa ndani ya turubai la kijani, lile langu, limemkaa sawa kabisa kutoka miguuni mpaka shingoni. Lakini juu ya shingo mshono ulikuwa umeachia. Kichwa kilikuwa nje, kimelowa, nywele zinadondosha maji.

"Dada," akasema, "hukurudi mitatu."

Niliruka na sindano mkononi. Wallahi nilitaka kumshonea hapo hapo! Lakini kila nikipiga hatua moja, yeye alikuwa mbali hatua ileile, vile ilivyokuwa na mama. Mwishowe nikaketi chini kwenye chumvi yake nikalia. Akasubiri nimalize, halafu akaenda.

Nilimkimbilia Mzee Wanyama nikakiri yote. Alipangusa uso na mkono. Akasema kaburi la mgomba halifunguliwi. Mtu akishazikwa kwa mgomba, ukimfukua unaita kifo kirudi kuchukua mwili wa kweli, na kitachukua kutoka kwa watoto wa boma hilo. "Na watoto ni wako," akaniambia. Mchungaji naye nilimwendea, akaniombea vizuri sana. Januari maji yakadondoka vile vile.

Huu ni mwaka wa sita. Kila mwaka mshono umeshuka. Ulikuwa shingoni, ukafika mabegani, mwaka wa tatu ukafika kifuani nikaona lile shati la kanisa mama alilomvalisha, limeoza kwa maji. Mwaka jana ulikuwa kiunoni. Mwaka huu umefika magotini, na analishika turubai kwa mikono miwili ili lisianguke, na anatetemeka kushinda ile siku ya kwanza. Likifika miguuni kutakuwa vipi, sijui. Mzee Wanyama alifariki bila kuniambia, na sina mwingine wa kumwuliza.

Unajua kinachoniumiza ni nini? Hanikasirikii. Angenitukana, angenisukuma, ningesema haya, tumelipana. Yeye ananiangalia tu vile alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo, akiwa ameleta kiatu kilichokatika kamba, anangojea nimtengenezee. Na mimi ndiye fundi, sindano iko mkononi, na siwezi kumfikia.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, na nakuona umekunja uso, labda nyumbani kwenu kuna mtu ambaye hamjamlilia kwa sababu kuna mmoja wenu anasema "huenda". Labda huyo mmoja ni wewe. Mlilie. Na ukipewa kitambaa chake, kishone mpaka mwisho, hata mkono ukatae, hata macho yasione njia kwa machozi. Usimwachie nafasi ukidhani ni mapenzi. Mimi nilimwachia Wafula nafasi ya kutokea, na miaka hii yote hakuna kilichopita hapo isipokuwa baridi.